Irabu Moja

Kiharusi kilimkuta Hester Hebblethwaite
akimenya viazi, Todmorden, mwezi Septemba,
kikamnyang'anya maneno yote
kikamwachia sauti moja: e.
E ya kiu. E ya dirisha lifungwe.
E ndefu ya usiku, ambayo hakuna aliyeielewa.

Mumewe, Arnold, alikuwa mpanga chapa.
Miaka thelathini na minne alichomoa herufi za risasi
kwenye sanduku la mbao ili gazeti la mji litoke,
na mpaka leo ncha za vidole vyake zinajua
kwamba kijumba cha e ndicho kipana kuliko vyote,
kwamba e ndiyo huchakaa kwanza.
"Basi hakijakubebea kila kitu," alimwambia.
"Kimekuachia ile tuliyoitumia zaidi."

Akaanza kuwinda.
Nyuma ya bahasha za bili ya gesi,
kwa penseli iliyonolewa kwa kisu cha jikoni,
aliandika maneno ya Kiingereza
yasiyo na irabu nyingine ila hiyo.

*Beekeeper*: mfuga nyuki. Baba yake Hester alikuwa na mizinga sita
nyuma ya kanisa la Wamethodisti.
*Effervescence*: ule mchemko wa viputo
soda inapofunguliwa,
au msichana anapobanwa na kicheko mahali pa kunyamaza.
*Sleeplessness*: kukesha bila kupenda.
Hilo hakumsomea. Lilikuwa lake mwenyewe.

*Strengths*, nguvu zote za mtu:
konsonanti nane zimeibana irabu moja
kama jamaa kwenye lifti ya hospitali.
Na refu kuliko yote aliyoyanasa,
herufi kumi na sita, alizihesabu mara mbili:
*strengthlessness*.
Maana yake kuishiwa nguvu kabisa;
ajabu, neno lenye misuli namna ile.
Hester alilitazama,
akaligeuza kifudifudi juu ya blanketi
kama karata mbaya.

Binti yao alikuja Jumapili na supu.
"Baba, daktari alisema mazoezi ya mdomo, si mafumbo."
"Wewe unaingia," Arnold akamjibu. "Gwen. Umo.
Mama yako naye yumo. Mimi simo."
Maana Arnold ana a, ana o;
alijaribu hata jina la utani la kiwandani,
mlango hauna kitasa upande wake.

Nami nakiri, Kiingereza ni lugha ya hila.
Huandika e moja, huitamka kwa midomo minne,
na mara nyingine huikalisha mwisho wa neno
kimya, kama mgeni asiyekaribishwa chai.
Arnold hakujali.
Mpanga chapa husikia kwa macho.

Februari, maneno yakamwishia, akaingia kwenye sentensi.
*He kept her letters.* Alizitunza barua zake.
Kwao neno hilohilo ni barua, ni herufi pia,
na yeye alikuwa ametunza zote mbili:
barua katika kopo la biskuti,
herufi chini ya kucha, weusi usiotoka kwa sabuni.

Halafu usiku mmoja, mgongo wa bahasha ya mwisho:
*We were seventeen when we met.*
Tulikuwa na miaka kumi na saba tulipokutana.
Aliiweka juu ya goti lake la kushoto, lile lenye hisia.
Hester akapitisha kidole, e kwa e,
kumi zote, hakuruka hata moja.
Kisha akarudi kwenye *seventeen*, akaigonga,
akatikisa kichwa.

Akainua mkono ulio hai.
Vidole vitano. Vitano. Vitano tena.
Halafu vinne, vikiwa vimeelekezwa kifuani kwa mumewe.

Ni kweli, yeye alikuwa na kumi na tisa,
lakini *nineteen* ina i,
na alikuwa amedanganya kwa ajili ya herufi.

"E," akasema Hester,
kwa sauti ya mwanamke anayedai chenji yake,
na supu ya Gwen ikapoa jikoni.