Tende Mbichi

Timu yangu inaitwa Tende Mbichi.
Iko daraja la nne, kundi la kumi na moja,
ina viti elfu tano na mia mbili ambavyo hajavikalia mtu,
nami huijenga usiku, Wadi Kabir, ghorofa ya tatu,
kiyoyozi kikikohoa kama mwenye deni.

Mchana nipo Ruwi, dirisha namba nne, nyuma ya kioo.
Nageuza riyali kuwa rupia, kuwa shilingi, kuwa taka
(ndiyo, pesa inaitwa taka, na wapo wanaoilia).
Nahesabu hadi baisa ya mwisho,
maana riyali ya huku ina vipande elfu
na kila kipande kina mtu anayekisubiri.

Ladislav Makame nilimpata ana miaka kumi na minane.
Jina lake mashine ililichota katika vikapu viwili.
Sentimita mia mbili na kumi na tatu, mikono ya siagi,
kudunda mpira hajui, anajua kusimama.
Binamu yangu Ghassani, wa Salalah, alicheka:
"Rayya, umeokota mnazi."
Na yeye huko anaishi kwenye minazi, angejua
kwamba mnazi haudumazwi na kicheko.

Ghassani alinunua nyota watatu usiku mmoja,
akabeba kikombe, akanitumia picha.
Kisha ikaja Jumatatu.
Jumatatu ya mchezo ule haina sikukuu:
mishahara hukatwa saa tisa usiku,
uwe umeshinda, uwe umelala, uwe matangani.
Msimu uliofuata aliwauza mabingwa wake kwa bei ya viatu.

Mimi nilinunua subira kwa jumla.
Wiki kumi na nne za ribaundi, ribaundi tu,
huku tukifungwa na kila mpita njia.
Tulipolala kwa alama hamsini na tatu
sikumfukuza kocha; niliongeza viti mia,
si vya mbele, vya huko juu, vya bei ya sambusa.

Haba na haba, walisema wahenga.
Hawakusema kwamba mshahara nao hupanda haba na haba,
ukajaza kibaba chake ndani ya kibaba chako.

Msimu mmoja wa mchezo ni mwaka mzima wa goti.
Makame sasa ana ishirini na saba.
Mwenye kujua hesabu huuza hapa,
kabla goti halijaanza kusema.

Jana alikuja Thankappan, fundi rangi,
ambaye kwa miaka kumi na tisa, kila tarehe tatu,
huja na bahasha nyembamba na kalamu yake mwenyewe.
Jana bahasha ilikuwa nene.
Kampuni imemshukuru, alisema, mabega hayafiki dari tena.
Pesa hizo sisi tunaziita kiinua mgongo.
Mgongo wake haukuinuka.
Elfu mbili mia nane na arobaini, na baisa mia sita.
Nilihesabu mara mbili, kisha mara ya tatu, bila sababu.
Akauliza: wiki ijayo kiwango kitapanda?
Nikasema hakuna ajuaye.
Sikumwambia kwamba swali hilo huliuliza kila usiku
juu ya mtu ambaye hayupo.

Nimemweka Makame mnadani.
Saa tisa kasoro dakika saba dau limeruka mara mbili.
Ghassani ameandika: "Una moyo wa friji."
Amechukuliwa na mtu wa nchi yenye theluji,
na fedha zimeingia, na mishahara imekatwa,
na kwa mara ya kwanza baada ya misimu tisa
nina akiba ya kutosha na sina senta.

Mchezo wake wa kwanza kule nimeufuatilia, namba kwa namba.
Ribaundi kumi na sita.
Nimepiga makofi peke yangu, taa zimezimwa.

Kwenye uteuzi wa chipukizi nimepata mvulana mmoja,
mfupi, jina refu, hajui lolote.
Kesho tunaanza na pasi.
Lakini kwanza asubuhi, dirisha namba nne:
kioo nimekifuta, kalamu ya mtu imesahaulika kauntani,
na foleni imeshafika mlangoni.