Chupa Tatu Dirishani

Nimepanga chupa tatu kwenye ubao wa dirisha,
chupa za soda, lebo nimezing'oa,
nikazianika kichwa chini hadi zikakauka kabisa,
maana tone moja la maji lingefanya nimsingizie mtu.

Ya kwanza ni ya stesheni, pale njia panda ya Ahero.
Risiti ninayo. Mhudumu kanisalimu kwa jina.
Bei yake haibembelezi:
hutangazwa usiku wa tarehe kumi na nne,
na asubuhi ya kumi na tano huniamsha nimezeeka.

Ya pili ni ya pipa.
Otuoma hulileta hadi uani kutoka Kisumu,
nafuu ya shilingi nne kwa lita, na deni hadi mavuno.
Lakini pipa ni pipa; nani ajuaye jana lilibeba nini?
Na deni, hata likija likitabasamu,
huota meno mpunga ukichelewa.

Ya tatu ilikuja saa nne za usiku kwa pikipiki,
jerikani mbili za manjano chini ya gunia.
"Mama Dorsila, nafuu ya thelathini."
Ni Okinda, aliyekuwa utingo wangu. Hakuzima injini.
Sikumwuliza ni lori gani lilisimama wapi gizani.
Hakuniambia.
Tulisaidiana kunyamaza.

Siku tatu jua la uwanda wa Kano limezichungulia.
Ya stesheni imebaki vile vile.
Ya pipa imetua kutu chini, unene wa ukucha.
Ya Okinda inang'aa kuliko zote, na hapo ndipo niliposhuku.
Nikachovya kidole, nikanusa:
koroboi ya utotoni, masizi puani,
mama akitufokea tumalize kusoma kabla utambi haujaisha.
Mafuta taa.

Mwaka juzi fundi Wandabwa aliniwekea nozeli za lori kiganjani,
zimekwaruzika kama meno ya mtafuna miwa.
"Dizeli si moto tu, mama. Ni ulaini pia.
Ukiuondoa, chuma hula chuma."
Elfu arobaini na sita,
na siku kumi na moja lori juu ya mawe,
magunia yakiota ukungu ghalani.

Basi daftari.
Pampu ya mtaroni, lita kumi na mbili kwa siku ya kiangazi.
Kinu, kumi na nane.
Trekta, hamsini, likilima ule udongo mweusi unaoshika jembe kama mdai.
Themanini mara thelathini: elfu mbili na mia nne kwa siku.
Nozeli zilikula akiba ya siku ishirini, pungufu kidogo.
Ila ningekuwa mwongo nisiposema
kwamba siku ya ishirini na moja ingekuwa faida.
Kishawishi hakikai gizani. Kinakaa kwenye jumla.

Nimeamua hivi: lori na trekta, stesheni, nikinung'unika.
Kinu na pampu, pipa la Otuoma,
lipite kwenye kitambaa, kisha chujio jipya,
na nusu ya deni nilipe kabla halijaota jino.
Pampu hata hivyo ni kuukuu,
hunywa chochote, hukohoa, huendelea, kama shangazi yangu.

Chupa ya tatu sijaimwaga. Mtaro uko karibu mno na mpunga.
Nimeiziba kwa gunzi la mahindi,
na kalamu ikasita penye jina la mwenyewe.

Kwa sababu zile siku kumi na moja za lori juu ya mawe
ndizo nilizomwambia Okinda aende nyumbani,
arudi likipona.
Lori lilipona.
Mimi nikampa nafasi yake mpwa wa jirani, kwa mshahara nafuu,
na hiyo nafuu sikuiweka kwenye chupa, wala juani.

Saa nne. Pikipiki inakata kona ya kanisa,
anakuja kuchukua hela zake.
Jerikani nimezitoa mlangoni, zimejaa kama alivyozileta.
Chai iko mekoni. Taa ya nje nimeiwasha,
aone uso wangu ninapomwambia.
Mbwa anabweka mara moja, anamtambua, ananyamaza.

Injini inazimika.