Treni ya Makaa

Zamu yangu iliisha saa mbili usiku.
Ndipo simu ikalia: Bronagh kakwama,
barabara ya Thorne imefungwa kwa theluji, haji.
Nikavua koti nililokwisha kulivaa mkono mmoja.
Saa kumi na mbili zimeshaliwa.
Kumi na mbili nyingine, karibuni.

Saa ya ukutani ina miaka sita ikinidanganya:
inasema kumi na moja, nami najua ni tano.
Natoa sita, naongeza sita,
hesabu ndogo ya kuuweka ubongo macho,
kama mtu anayechochea moto wa mabua.

Nina karafuu mbili chini ya ulimi.
Nina chupa ya chai ya tangawizi iliyopoa.
Nina karatasi ya chumba namba tisa: kila robo saa
nichungulie, niandike "anapumua", nitie sahihi.
Visanduku vitupu vinanitazama.
Ningeweza kuvijaza vyote sasa hivi, mpaka asubuhi,
kwa mwandiko mzuri,
halafu suala la kupumua nimwachie Mungu.
Kalamu ipo. Wa kuniona hayupo.
Nikaichomeka sikioni, nikasimama.

Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kukucha.
Waje Doncaster, mwezi wa pili.
Nina deni la pango, deni la ada ya Mwanakheri,
deni la mkufu wa shangazi uliogeuka tiketi ya ndege,
na usiku huu umekaa kitako, umekunja miguu,
hauna haraka na mtu.

Saa tisa namba tisa huamka.
Bwana Ogden, miaka arobaini na mmoja
alikaa kibandani akivuta vyuma vya kugeuza reli.
Leo hajui jina la binti yake
ila anajua kuna kitu hakijapita.
"Treni ya makaa?"
Wenzangu humwambia: makaa yalikwisha zamani, lala.
Naye hulia kama mtoto aliyenyang'anywa.
Mimi, mara ya kwanza, nilisema: bado.
Akatulia. Tukaingoja pamoja.

Yeye ndiye aliyenifunza.
"Usikalie kiti chenye mikono.
Ukisikia joto tamu shingoni, hilo si joto, huyo ni mwizi.
Shika funguo. Kiganja kikisahau, sakafu itakukumbusha."
Anasema Kiingereza chake cha moshi na ukungu,
namjibu kwa changu cha kuokoteza.
Tunaelewana. Macho manne, reli moja.

Saa kumi. Anapumua. Sahihi.
Saa kumi na robo. Anapumua. Sahihi.
Nje, kwenye taa ya maegesho, theluji inashuka
bila kukosea hata mara moja.
Kuta zikaanza kulainika.
Nikamwona marehemu mjomba Shekalaghe
akipita koridoni na ndoo ya maji.
Nikasema, salama? Akasema, salama.
Funguo zikaanguka.

Nilipofumbua macho, Bwana Ogden alikuwa ameketi wima,
ukucha wake ukigonga chuma cha kitanda:
mbili. Kimya. Moja.
Mkono ukavuta hewani kitu kizito, ukakirudisha.
"Imepita," akasema. "Nilikushikia njia."

Nikatazama karatasi. Kisanduku kimoja kitupu.
Sikukijaza uongo. Niliandika:
saa kumi na nusu, mlinzi alilala,
mlindwa alikuwa macho.

Bronagh akaingia saa mbili na nusu, viatu mkononi.
Nikapanda basi. Nikachagua, kusudi,
kiti chenye mikono.
Kituo changu kikapita, na kinachofuata, na daraja,
hakuna aliyenigongea kengele.
Mwisho wa njia dereva akanigusa bega.
Nikapapasa mfukoni: funguo za kabati la dawa.

Nikavuka barabara.
Upande wa pili, theluji hadi vifundoni,
nikasimama kungoja basi la kurudi,
nimezishika.