Sahihi ya Tatu

Fomu ilikuwa ya samawati, kurasa mbili,
imekunjwa mara nne kama noti ya mtu asiyeamini benki.
Britta Haugseth aliiweka mezani pangu Jumanne,
buti zake zimeacha matope hadi mlangoni:
"Profesa, kozi hii nataka niisome kwa daraja la heshima."

Nikacheka. Si yeye niliyemcheka.
Udongo 210: wanafunzi mia na arobaini,
ukumbi usio na dirisha,
nusu yao wamekuja kwa sababu kozi nyingine zimejaa.
Heshima, nijuavyo, ilikaa ng'ambo ya uwanja,
jengo la matofali mapya, semina ya watu kumi na wawili,
meza ya duara, kahawa ya bure.
"Mbona usiende kule?"
"Kule hawana udongo," akasema.
"Na zamu yangu kiwandani inaanza saa kumi."

Oktoba, bonde letu la Mto Mwekundu ni la viazi-sukari.
Malori hupita usiku kucha,
milima ya viazi hupanda kando ya reli
hata ukasahau kuwa Minnesota huku ni bapa kama sinia.
Yeye alikuwa penye mizani, akipima malori,
akimuuliza kila dereva: shamba lipi?
Na mbona vyenu vidogo mwaka huu?
Chumvi, walimwambia. Inapanda kutoka chini.
Asubuhi utadhani ni jalidi, ila jua halikiyeyushi kitu.

Fomu inauliza: *Mwanafunzi atafanya nini zaidi ya wenzake?*
Wengi huandika: insha, kurasa kumi na tano.
Kana kwamba heshima ni uzito,
kana kwamba punda akiongezwa gunia huwa farasi.
Nami nilizisaini za namna hiyo zamani, tatu, labda nne;
insha nilizisoma ndani ya ndege,
nikazisahau kwenye mfuko wa kiti.

Britta aliandika mstari mmoja:
*Nitajua chumvi ya shamba la baba yangu mdogo inatoka wapi.*
Hakuandika *nitajaribu*.

Sahihi ya kwanza yake, ya pili ya mkuu wa programu.
Ya tatu ilinikalia siku sita.
Saa hizo hazilipwi. Niseme kweli,
hilo ndilo lililonizuia. Falsafa haikuwamo.

Nikasaini. Tukaenda Jumapili na keekee ya mkono,
futi moja, futi tatu, futi tano,
vidole vikifa ganzi, vifuko vikiandikwa kwa kalamu iliyogandishwa na baridi.
Alidhani kosa ni la mtaro wa kaunti.
Tarakimu zikakataa.
Akadhani ni mbolea. Zikakataa tena.
Nilitaka kumsaidia, nikagundua sina la kumwambia,
na hilo, baada ya miaka kumi na tisa ya kufundisha,
lilinipendeza kuliko inavyofaa kukiri.

Kisha, wiki ya tisa, ukumbini,
picha yangu ya thelathini na moja, ile ya mishale:
mvua inanyesha, maji yanashuka, chumvi inaoshwa.
Mkono wake ukapanda.
"Mchoro huu maji yanateremka tu. Kwetu yanapanda."

Kimya cha watu mia na arobaini kina sauti yake.
Halafu kutoka nyuma kabisa Arvid Kowalczyk,
ambaye sikuwahi kuliona paji lake la uso kwa sababu ya simu:
"Kwetu pia."
"Na kwetu," akasema mwingine, karibu na mlango.

Jumapili iliyofuata walikuja wanne, bila fomu.

Jibu lote hakulipata. Alipata nusu,
na swali refu kuliko lile alilokuja nalo.
Kwenye matokeo yake kuna herufi ndogo kando ya kozi,
ukubwa wa mbegu ya haradali; wale wanne hawana kitu.
Mishale nimeichora upya. Mingine sasa inapanda.

Muhula huu mpya droo yangu ina fomu saba za samawati.
Ya Arvid haimo.
Yeye alipita tu asubuhi, hakuketi,
akauliza keekee nimeiweka wapi.