Utepe wa Kumi na Nane

Saa nne asubuhi. Umeme umerudi Tabora,
mizani imetulia kwenye sifuri zake nne.
Msanzya ananyoosha mkono juu ya meza,
amevua saa, amekunja shati hadi kiwikoni.
Jana jioni nilimchora duara kwa kalamu,
nikampaka marhamu kiasi cha punje ya mtama.
"Hapa usipaoshe," nilimwambia. Hakupaosha.

Nabandika utepe, nakandamiza kwa kidole gumba,
nahesabu hadi kumi, nabandua.
Kila utepe unaondoka na unga wa ngozi,
mwepesi kuliko ule unaosalia
kwenye chekecheo la muhogo.

Wa kwanza umelowa dawa tupu.
Hiyo haijaingia, imelala barazani.
Wa pili, wa tatu, bado ni baraza.
Wa tisa, kidogo.
Wa kumi na nne, kidogo ya kidogo.
Wa kumi na nane mashine inachora kilima
kifupi kama kichuguu kilichonyeshewa.

"Kwa hiyo imefika?"
Katika mia, namwambia, tatu.
Anacheka mpaka mizani inatikisika.
"Na hizo tisini na saba zilikuja kufanya nini?"

Ngozi ni bawabu, nilifundishwa hivyo,
haifungui kwa hodi moja.
Nikaandika, nikafaulu, nikaamini.

Lakini Urambo, alfajiri, kwenye mistari ya tumbaku,
mama amekumbatia fungu la majani mabichi,
umande umempenya gauni hadi kifuani.
Saa tano anatapika juu ya tuta,
mikono inamtetemeka, jua linamzunguka.
Tulisema malaria.
Shangazi akasema mimba.
Jirani akasema kuna mkono wa mtu.

Mkono ulikuwa wake mwenyewe.
Jani lilipita hapohapo, kwenye ngozi ileile,
halikubisha, halikungoja usiku kucha,
na hapakuwa na aliyemchora duara
wala kumuuliza, mama, limefika wapi?

Naandika kwenye daftari: Msanzya, mkono wa kulia, tatu nukta moja.
Chini yake, pasipohitajika neno,
naandika: Nyanzala, mikono yote miwili, kifua.
Kiasi kilichoingia:
nauacha mstari wazi.

Msanzya anafunga saa yake,
anapapasa duara lililobaki jekundu.
"Kesho tena?"
Kesho, wa kushoto.