Shazia

Anavyo viwili, alisema Nantambwe,
muuza vitabu wa stendi ya Tandahimba
anayetandika turubai lake kando ya duka la salfa.
Maneno yale yale, mjane yule yule, mto ule ule.
Cha jalada gumu, elfu ishirini na tano.
Cha jalada laini, elfu nane.
"Kigumu ni cha kukaa nacho, dada. Laini ni cha kupita nacho."
Mimi karani wa ghala:
nakaa na kupita siku hiyo hiyo.

Na kigumu nilishawahi kuwa nacho.
Kaka yangu Likwata alikileta kutoka Mtwara mjini
mwaka ule korosho zilipopata bei.
Kikawekwa juu ya kabati, na nailoni yake,
kama sofa ya maharusi.
Nilinawa mikono kabla ya kukifungua.
Basi nikawa sikifungui.
Siku niliyokishusha, kilikuwa chepesi.
Mchwa walipitia ukutani, kwa nyuma,
wakasoma sura kwa sura,
hawakuruka hata ukurasa wa shukrani.
Jalada hawakuligusa.
Herufi za dhahabu zinang'aa;
nikagonga kwa kidole,
likaitika kama debe.

Nikalipa elfu nane.

Cha laini kinajua kazi.
Kinakunjwa, kinaingia mfuko wa koti
lenye vumbi la korosho hadi kwenye mishono.
Kinasomwa kwa mkono mmoja,
wa pili umeshika kipima unyevu
(chenyewe ningekipima
kingeshuka daraja la pili).
Ukurasa wa arobaini una doa la mafuta ya ganda,
halitoki, limekaa kama chanjo begani.
Ukurasa wa tisini niliuwekea alama
kwa stakabadhi ya mkulima mmoja wa Mahuta.
Akaja kuitafuta, amekunja uso;
tukaikuta pale mjane anapokanyaga maji.

Somoe, mshona midomo ya magunia,
akaniuliza kuna nini humo
hata nimeruka lori zima kwenye hesabu.
Nikamsomea ukurasa. Akataka wa pili.
Nje honi, meneja anaita jina langu lote matatu,
nikakishika kwa mikono miwili
nikakipasua mgongoni.
Kilipasuka vizuri,
kama korosho iliyoanikwa ikaanikika.
Kwa haraka nikampa nusu isiyo yake,
ile ya mwisho.

Jaribu hivyo na jalada gumu.
Utavunja kucha kwanza, halafu urafiki.

Wiki mbili nzima Somoe alijua
nisichokijua.
Nikimsifu mume wa mjane, ananitazama
jinsi watu wanavyomtazama mtoto kwenye msiba.
Nikambembeleza, nikamnunulia chapati.
Alifunga mdomo kama gunia la mnada.

Malori yakaisha. Ghala likabaki na mwangwi
na njiwa wawili kwenye kenchi.
Asubuhi ya ukungu, ukungu wetu ule
wa kuficha mlango wa jirani,
Somoe akaja na nusu yake,
na shazia, na uzi wa nailoni.
Akatoboa mgongo matundu manne, akavuta,
akaukata uzi kwa meno.
Kisha akachana kipande cha gunia la juti,
akakivalisha kitabu pande zote mbili.
Nyuma pamebaki muhuri wa wino mweusi, KILO 80,
uzito ambao hata mjane na mumewe
na mto wao hawafikishi.

Kinasimama chenyewe sasa.
Kinanuka ghala.

Jana Nantambwe alikichukua, akakigeuza,
akakikuna kwa ukucha.
"Na hiki je? Kigumu au laini?
Maana nataka kujua bei."
Hakiuzwi, nikamwambia, bado kinasomwa:
Somoe ndiyo kwanza yuko ukurasa wa kumi na mbili,
na tayari anamlilia
mtu ambaye bado hajafa.