Subiri Tak

Mvua ya Batumi hainyeshi, inahamia.
Inakuja na mizigo yake yote, inakaa wiki tatu,
na mtu aliyeimaliza Oktoba akisema nitanunua kesho
anasimama mbele ya kibanda changu, soksi zimelowa,
ameshika waipa iliyokufa
kama mtu aliyeokota mkia bila mnyama.

"Nipe kama hii."

Kama hii ni ipi, Bwana Otia?
Urefu si neno, urefu hata mtoto hupima kwa rula.
Nioneshe mkono.
Si wako. Wa gari.

Maana huku kwetu magari yamekuja kama wakwe,
kila moja na desturi zake.
La Japani, usukani kuume, mkono umepinda ndoano,
linataka kuvishwa tu.
La Ujerumani lina kitufe, ubonyeze kwa adabu.
La Ufaransa ulibane mbavu zote mbili kwa pamoja
kama unayemchekesha mtoto.
Na Lada ya Shukri, yule wa Khulo,
ina pini ya ubavuni, nyembamba,
ukiilazimishia tundu la mwenzake plastiki italia, kisha itanyamaza,
na kunyamaza huko ndiko kubaya.

Wanaume hawapendi kufundishwa na mjane.
Gocha alininyang'anya boksi, akachomeka, akasema imeingia.
Nikasema: sijasikia kitu.
Akasema: mvua hii, mama, utasikia nini?
Nikasema: tak husikika hata kwenye mvua.
Akaondoka.

Akarudi Jumatano.
Waipa iliruka kwenye kona ya pili ya kupandia Goderdzi,
mkono mtupu ukaendelea na kazi, chuma juu ya kioo,
kwenda na kurudi, kwenda na kurudi,
kwa sababu mkono haujui kilichouacha.
Mchoro ungalipo: nusu duara, mweupe.
Jua likiupiga, Gocha hufinya jicho, hasemi neno.
Siku hizi akija huinama, sikio karibu na kioo,
kama daktari.

Basi fanya hivi.
Inua mkono. Tandika taulo juu ya kioo,
usije ukaponyoka ukakirudia kama kofi.
Pitisha ndoano, vuta kuelekea kwako, bila hasira.
Subiri tak.
Kisha ivute tena kama unayetaka kuiiba.
Isipokuja, ni yako.

Haya yote ni ya Murman, ila hakunifundisha.
Nilimtazama mgongo miaka ishirini na sita
huku namenya mbegu za alizeti.
Aliniachia droo: viunganishi, mamia, vidogo kama meno ya utotoni,
vyeusi, vya kijivu, kimoja chekundu ambacho sijui ni cha gari gani.
Na yeye, aliyeushikiza mji mzima,
waipa ya Opel yetu aliifunga kwa waya.
Mganga hajigangi.
Miaka miwili nimeendesha na waya ule.
Fundo lilikuwa la vidole vyake,
nani angethubutu kulifungua?

Jana, juu ya daraja la Chorokhi, waya ukaanza kupiga mayowe.
Sikuona lori. Niliona taa zake tu, baadaye.

Nimeukata kwa koleo.
Nimepekua droo hadi kwenye mbao,
chini ya risiti, chini ya maganda ya mbegu zangu mwenyewe,
nikakuta pakiti ya sigara, ndani kiunganishi kimoja,
na juu yake mwandiko ule ulioegemea kushoto:

Opel. Kesho.

Nikatoka bila kofia.
Mvua haikupunguza kitu kwa ajili yangu.
Nikainua mkono, nikatandika taulo,
vidole vimekufa ganzi, mara ya kwanza nikakosea,
mara ya pili pia.
Kisha nikaivuta kama mwizi.
Haikuja.